Enrico Fermi: Bingwa wa Hesabu za Elektroni

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Katika ukurasa huu, msomaji mpenzi, tumwangalie mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa ya haba na haba: kukadiria, kujaribu, kuhesabu, kisha kuhesabu tena. Jina lake ni Enrico Fermi. Wenzetu wa Kemia wamelikuta jina hili kwenye jedwali la elementi, nambari 100, fermiamu. Wenzetu wa Fizikia wanamjua kuwa ndiye aliyejenga kinu cha kwanza cha nyuklia. Lakini ni wachache wanaojua kwamba kila elektroni inayopita katika waya wa taa ya darasani inatii kanuni yenye jina lake. Tena ni wachache zaidi wanaojua kwamba yeye ni mmoja wa watu wa kwanza duniani kuiuliza kompyuta swali ambalo hakuna aliyelijua jibu lake. Basi vuta kiti, ukae.

UTOTO NA MSIBA

Fermi alizaliwa mjini Roma, Italia, tarehe 29 Septemba 1901. Babake, Alberto, alikuwa afisa wa reli, na mamake, Ida, alikuwa mwalimu. Enrico alikuwa kitinda mimba katika watoto 3. Dadake aliitwa Maria, na kakake, aliyemtangulia kwa mwaka mmoja tu, aliitwa Giulio. Vijana hawa wawili walikuwa kama chanda na pete. Walichezea mota za umeme pamoja na kuunda vitu kwa mikono yao.

Mwaka wa 1915 Giulio akapata jipu kooni. Akapelekwa hospitalini kufanyiwa upasuaji mdogo tu, wa kwenda na kurudi. Hakurudi. Alifia pale pale kabla upasuaji haujaisha. Mama alizama katika huzuni isiyokwisha, na Enrico, kijana wa miaka 13, akabaki hana wa kucheza naye. Hakulia mbele za watu. Alijitupa vitabuni.

Mjini Roma kulikuwa na soko liitwalo Campo de' Fiori, ambako vitabu kuukuu viliuzwa. Huko akapata kitabu cha fizikia cha mwaka wa 1840, kilichotungwa na kasisi mmoja, Andrea Caraffa. Akaenda nacho nyumbani, akakisoma usiku na mchana. Inasemekana kwamba alipokuwa amefika mbali ndipo alipomwambia dadake kuwa kitabu chenyewe kimeandikwa kwa Kilatini. Alikuwa hata hakujali! Kisha mhandisi mmoja aliyefanya kazi na babake, Adolfo Amidei, akakigundua kipaji hicho. Akawa anamwazima kijana vitabu vya hisabati kimoja baada ya kingine, kwa mpango. Kila kilichorudishwa kilikuwa kimesomwa na maswali yake yote kufanywa.

Mwaka wa 1918, akiwa na miaka 17, Fermi alifanya mtihani wa kuingia Scuola Normale Superiore, chuo mashuhuri cha Pisa. Aliulizwa kuhusu sifa za sauti. Wenzake wakaandika ya shuleni. Yeye akashika kalamu akakokotoa jinsi ufito unavyotetemeka, kwa hisabati ya kiwango cha chuo kikuu. Mtahini alishangaa hata akataka kumwona uso kwa uso. Mwaka wa 1922 akapata shahada yake ya udaktari.

KANUNI YA ELEKTRONI

Baada ya hapo alikwenda Göttingen, Ujerumani, kisha Leiden, Uholanzi, halafu akarudi kwao kufundisha mjini Florence. Wakati huo wanafizikia wa Ulaya walikuwa wakitafuta sheria za ulimwengu wa chembe ndogo. Mwaka wa 1925 Wolfgang Pauli alikuwa ametangaza kwamba katika atomu, elektroni mbili haziwezi kuwa katika hali moja ile ile. Mapema mwaka wa 1926 Fermi akaichukua kanuni hiyo na kuuliza: je, zikiwa nyingi sana, kama gesi, zitajipanga vipi?

Hebu tuchukue mfano wa bweni. Tuseme bweni lina vitanda vingi, vya chini na vya juu, na sheria ya mkuu wa bweni ni kuwa kitanda kimoja kitalala mwanafunzi mmoja, bila mjadala. Wanaofika kwanza watajaza vitanda vya chini. Wanaofuata watapanda juu zaidi na zaidi, hata kama hawapendi. Elektroni ni hivyo hivyo. Zikijaa ndani ya kipande cha shaba, za mwisho hulazimika kukaa katika hali zenye nishati kubwa. Ndiyo maana hata katika baridi kali kabisa, elektroni za juu ndani ya shaba huenda mbio kiasi cha kilomita 1,600 kwa sekunde! Paul Dirac wa Uingereza alifikia kanuni hiyo hiyo mwaka huo huo bila kutegemea kazi ya Fermi, kwa hiyo inaitwa kwa majina ya wote wawili. Lakini chembe zinazoitii, zikiwemo elektroni, protoni na nyutroni, zinaitwa fermioni.

Mwisho wa mwaka wa 1926, akiwa na miaka 25 tu, Fermi akawa profesa mjini Roma. Mwaka uliofuata alikabili swali gumu zaidi. Atomu kubwa ina elektroni nyingi, na kila moja inazisukuma nyingine zote. Utazihesabuje? Fermi aliona afadhali azichukue zote kama wingu moja lenye uzito tofauti mahali tofauti. Akapata mlinganyo usiotatulika kwa kalamu peke yake, akautatua kwa nambari, hatua kwa hatua, akitumia mashine ndogo ya kuhesabu. Kijana mmoja machachari, Ettore Majorana, alitazama jedwali la Fermi, akaondoka bila maneno mengi. Siku ya pili akarudi na jedwali lake mwenyewe. Akalinganisha, akakiri kuwa la Fermi halina kasoro. Ndipo akakubali kujiunga na kikundi hicho! Kumbe profesa pia husahihishwa.

VIJANA WA VIA PANISPERNA

Kikundi hicho kilijulikana kwa jina la barabara yao, Via Panisperna. Fermi walimpa lakabu ya Papa, kwa kuwa hakukosea. Mwaka wa 1934 walianza kuzipiga elementi kwa nyutroni, moja baada ya nyingine. Tarehe 22 Oktoba mwaka huo Fermi akaweka kipande cha nta ya mafuta ya taa njiani, na ajabu ikatokea: nyutroni zikapungua mwendo, lakini nguvu yake ya kuamsha mionzi ikazidi mara nyingi.

Nyutroni ikipita ndani ya kitu hugongana na atomu huku na huko kama mlevi njiani. Itatokea wapi? Hakuna fomula rahisi. Fermi alikuwa na tabu ya kukosa usingizi, na usiku huo wa kukesha aliutumia kuzifuata nyutroni moja moja kwenye karatasi. Kila zinapogongana alipiga kama kura kuamua ziende upande gani, kisha akatafuta wastani. Asubuhi aliwatajia wenzake jibu la jaribio ambalo hata halijafanywa, nao wakabaki vinywa wazi. Siri ya njia hiyo hakuitangaza. Alikuja kuisimulia miaka mingi baadaye.

KUKIMBIA NYUMBANI

Mwaka wa 1938 serikali ya Mussolini ilitunga sheria za kuwabagua Wayahudi. Laura, mke wa Fermi waliyeoana mwaka wa 1928, alikuwa Myahudi. Walikuwa na watoto 2 wadogo, Nella na Giulio, huyu wa pili akiwa na jina la marehemu amu yake. Fermi hakuwa mtu wa siasa, lakini siasa ilimfuata hadi mlangoni.

Bahati nzuri, mwaka huo alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Familia nzima ikafunga safari kwenda Uswidi kuipokea, tarehe 10 Desemba 1938. Wakapokea tuzo, na badala ya kurudi Roma wakapanda meli. Tarehe 2 Januari 1939 walitia nanga New York. Walionusurika ni hao. Babake Laura, aliyekuwa admirali wa jeshi la maji la Italia, aliamini kwamba cheo chake kingemlinda. Alikamatwa mjini Roma Oktoba 1943, akauawa Auschwitz.

Jambo jingine la kustaajabisha ni kwamba mwezi ule ule wa tuzo, wanakemia wa Ujerumani, Hahn na Strassmann, waligundua kuwa urani ikipigwa kwa nyutroni hupasuka. Elementi mpya ambazo Fermi alidhani amezipata katika urani, na ambazo zilitajwa alipopewa tuzo, zilikuwa vipande vya mpasuko huo. Papa alikuwa amekosea. Fermi hakununa. Alikubali, akaanza kazi upya.

KINU NA BOMU

Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya jukwaa la uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Chicago, Fermi aliongoza jaribio la kinu cha kwanza cha nyuklia. Kilikuwa rundo la matofali ya grafiti na urani. Fimbo za kuzuia nyutroni zilivutwa nje kidogo kidogo, naye akikokotoa kwenye rula yake kila hatua. Kazi iliponoga, akaamuru watu waende wakale chamcha kwanza. Alasiri kinu kikawaka, kikatoa nguvu ya nusu wati, isiyotosha hata kuwasha balbu. Lakini dunia ilikuwa imebadilika.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu la Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, katika jimbo la Katanga nchini Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya watu. Wachimbaji hawakuambiwa jiwe lile linakwenda kufanya nini.

Bomu la kwanza lilijaribiwa katika jangwa la New Mexico tarehe 16 Julai 1945. Fermi alisimama kilomita kama 16 kutoka hapo, akiwa na vipande vya karatasi mkononi. Upepo wa mlipuko ulipofika akaviachia vianguke, akapima kwa hatua vilipopeperushwa, akakadiria nguvu ya bomu kuwa sawa na tani 10,000 za baruti. Vipimo halisi vilionyesha tani kama 21,000. Kwa vipande vya karatasi, jamani, si mchezo!

Lakini tusimsifu tukasahau. Mwezi wa Juni mwaka huo, Fermi alikuwa mmoja wa wanasayansi 4 walioishauri serikali kwamba hawaoni njia nyingine ya kuridhisha isipokuwa kulitumia bomu vitani. Agosti miji ya Hiroshima na Nagasaki iliteketea pamoja na makumi ya maelfu ya watu. Mwaka wa 1949, lilipozuka suala la bomu la haidrojeni, yeye na mwenzake Rabi walilipinga kwa maandishi, wakisema ni uovu mtupu. Rais alipoamua liundwe, Fermi alishiriki katika hesabu zake. Je, alifanya sawa? Swali hili twaweza kulijadili katika chama chetu, na sidhani tutalimaliza kwa jioni moja.

KOMPYUTA YAULIZWA SWALI

Baada ya vita, rafiki yake Stanislaw Ulam, akiwa mgonjwa mwaka wa 1946 na akicheza karata peke yake, aliwaza kwamba badala ya kutafuta fomula ya kushinda, ni heri kucheza mara nyingi na kuhesabu umeshinda mara ngapi. Wenzake wakaona kuwa kompyuta mpya za elektroni zingeweza kufanya hivyo kwa kasi. Njia hiyo ikabandikwa jina la Monte Carlo, mji wa kamari. Ilikuwa ni ile ile ya usiku wa Roma! Kompyuta ya ENIAC ilipokuwa ikihamishwa na haitumiki, Fermi aliagiza kitoroli kidogo cha shaba ya njano, mwaka wa 1947, cha kuchora njia za nyutroni juu ya karatasi. Wenzake wakakiita FERMIAC kwa utani. Yeye pia ndiye aliyedokeza kwamba mlinganyo mkuu wa elektroni, ule wa Schrödinger, waweza kutatuliwa kwa njia hiyo hiyo ya kura.

Mwaka wa 1953, huko Los Alamos, Fermi, Ulam na John Pasta waliitumia kompyuta ya MANIAC kuiga mnyororo wa vitu vilivyounganishwa kwa springi, hadi 64 kwa hesabu. Programu iliandikwa na mwanamke kijana, Mary Tsingou. Wote walitarajia kwamba ukiutikisa mnyororo, nishati itasambaa pote na kutulia, kama sukari katika chai. Wapi! Nishati ilizunguka huku na huko, kisha ikarudi karibu yote mahali ilipoanzia. Hakuna aliyetarajia hivyo. Hapo ndipo ilipoonekana kuwa kompyuta ni zaidi ya kikokotoo, ni maabara. Jina la Tsingou halikuwekwa miongoni mwa waandishi wa ripoti. Miaka ya karibuni wanasayansi wameanza kuliweka.

KIFO CHAKE

Agosti 1954, akiwa ziarani Italia, Fermi aliandikia Chuo Kikuu cha Pisa barua. Chuo kilikuwa na fedha na hakijui kizifanyie nini. Akashauri wajenge kompyuta yao wenyewe. Walimsikiliza, na mashine hiyo ikazinduliwa mwaka wa 1961. Mwenyewe hakuiona. Aliporudi Chicago aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Rafiki yake Segrè alipomtembelea hospitalini alimkuta akiyahesabu matone ya dawa yanayoingia mwilini, saa mkononi, akipima kasi yake. Aliaga dunia tarehe 28 Novemba 1954, akiwa na umri wa miaka 53. Aliacha wanafunzi ambao baadaye walipata Nobel wao wenyewe, kama vile Tsung-Dao Lee, Owen Chamberlain na Jack Steinberger.

FUMBO ALILOTUACHIA

Swali la elektroni nyingi zinazosukumana bado halijatatuliwa kikamilifu. Mwaka wa 1963 John Hubbard wa Uingereza alieleza kielelezo rahisi: elektroni huruka kutoka atomu moja hadi jirani, na zikikutana mbili mahali pamoja hulipa gharama. Fikiria bao letu la Kiswahili, lenye mashimo 32. Kila shimo laweza kuwa tupu, au na elektroni moja ya spini ya juu, au moja ya spini ya chini, au zote mbili. Hali 4 kwa kila shimo. Kwa bao zima ni 4 kuzidishwa kwa 4 mara 32, yaani hali 18,446,744,073,709,551,616! Na kipande cha madini kidogo kama punje ya mchele kina mashimo mangapi? Kompyuta gani itaorodhesha hayo yote?

Kura za Monte Carlo zinasaidia, lakini hapo kanuni ya Fermi mwenyewe inaleta balaa. Fermioni mbili zikibadilishana nafasi, alama ya hesabu hugeuka kutoka jumlisha kuwa toa. Kura nyingi za jumlisha hufutwa na kura nyingi za toa, na jibu ni kile kidogo kinachobaki. Ni kama kutaka kujua uzito wa karatasi kwa kupima lori zima kwenye mizani ya Mariakani, likiwa na karatasi na likiwa bila. Mwaka wa 2005 watafiti Troyer na Wiese walionyesha kwamba njia ya mkato inayotibu kila hali ya tatizo hili haitarajiwi kupatikana.

Kwani kuna haja gani? Haja ipo. Mwaka wa 1986 Bednorz na Müller waligundua aina mpya ya vitu vyenye shaba na oksijeni, vinavyopitisha umeme bila kupoteza hata chembe katika baridi isiyo kali kama iliyozoeleka. Mpaka sasa wanasayansi hawajakubaliana ni kwa nini. Siku fumbo hilo likifumbuliwa, huenda tukapata nyaya zisizopoteza umeme njiani. Kwa hiyo wapo wanaochunguza atomu moja kwa makini na kuzichukua nyingine kama bahari inayoizunguka. Wapo wanaopanga atomu zilizopozwa mno kwa miale ya leza, ili ziige elektroni. Wengine wanaunda kompyuta za kwantamu. Wote wanatembea katika njia aliyoianza Fermi akiwa hana usingizi.

Wanafunzi wenzangu, Fermi aliwazoesha wanafunzi wake kukadiria kabla ya kukokotoa. Aliwauliza, kwa mfano, mji wa Chicago una mafundi wangapi wa kurekebisha piano. Hebu na sisi tujaribu. Sufuria ya githeri ya shule yenye wanafunzi 600 ina maharagwe mangapi? Kama sahani moja ina yapata 150, basi ni 90,000. Tumekosea? Pengine. Lakini sasa tuna pa kuanzia, na aliye na pa kuanzia hashindwi kuendelea. Mwenye swali gumu asiliogope kwa sababu ni kubwa. Alishike mahali padogo, ahesabu, na akikosea akubali kama Fermi, aanze tena.